Swali Lililorudisha Jembe

Mwanangu, kuna asubuhi moja ya masika ninayoikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu, na mke wangu akiyasoma haya atanisamehe, maana kisa chenyewe anakijua. Ni asubuhi niliyosimama katikati ya uwanja wa watu kule Kilolo, karatasi mkononi, nikamwona mzee mmoja anainuka taratibu, anachukua jembe lililoegemezwa ukutani, anaondoka nalo. Jembe lile nililifukuza mimi. Sikulifukuza kwa fimbo wala kwa tusi. Nililifukuza kwa swali.

Nakuandikia wewe unayejifunza kazi ya kukaa na wazazi na kuzungumza nao habari za mtoto wao aliyeugua moyo na mawazo. Nasikia siku hizi mna vyuo na vitabu vinene. Sisi tulikuwa watano tu, miaka ile ya hamsini, katika hospitali moja mjini Iringa, na chumba chetu cha darasa kilikuwa stoo ya mablanketi. Mimi nilitoka Mbeya, mtoto wa wakulima wa milimani, nimesoma mpaka darasa la nane nikaishia hapo. Lakini kwa ndoto, mwanangu, nilikuwa tajiri. Nilijiona tayari nimevaa koti jeupe, napita njiani, akina mama wananiambia shikamoo daktari nami bado sina hata ndevu. Nilipopewa kazi ya udresa, ya kumsaidia daktari na kufunga vidonda, nilimwandikia mama barua ya kurasa nne, ingawa mama hajui kusoma.

Daktari wetu alikuwa mgeni, mtu mpole, na alikuwa na jambo lililomkosesha raha. Vijana walikuwa wakiletwa hospitali wakiwa wamechelewa mno. Kijana hali chakula, halali, amenyamaza miezi, na watu nyumbani wamemfungia ndani kwa aibu. Akaona tusingoje waletwe, twende sisi. Akaandika maswali kumi na mawili ya kuwauliza wazazi, karani akayatafsiri kwa Kiswahili, kila mmoja wetu akapewa karatasi yake. Swali la saba liliuliza hivi: Je, katika ukoo wenu amewahi kuwako mwenye wazimu?

Aliyetufundisha namna ya kuuliza alikuwa dresa mkuu, Bwana Shomari, Mwislamu wa pale mjini ambaye babu yake alikuja kutoka pwani na msafara wa biashara akaishia kuoa Uheheni. Alikuwa na ulimi mkali na moyo wa maziwa. Yeye alijifanya baba wa mgonjwa, nasi kwa zamu tukamwuliza. Mimi niliyajua maswali yote kwa kichwa, sihitaji karatasi. Daktari akanisifu mbele ya wenzangu. Na wewe unajua, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Bwana Shomari peke yake hakusifu.

"Unasema vizuri kama redio," aliniambia.

"Ahsante, Bwana Shomari."

"Usishukuru. Redio haisikii."

Wenzangu wakacheka, na mimi nikacheka nao. Sikuliweka moyoni neno lile.

Basi siku moja akaja mama mmoja kwa miguu kutoka Kilolo, kanga imelowa mpaka kiunoni. Waliomjua walimwita Mama Lusia, kwa jina la binti yake mkubwa. Kilichomleta hospitali ni habari za mwanawe wa pili, Atanasi, aliyekuwa amebaki nyumbani. Kijana wa miaka kama kumi na saba, alikuwa wa kwanza darasani, kisha akaanza kukaa kimya. Akaacha shule. Akaacha kuchunga. Sasa alikuwa haachi hata kitanda. Mama akasema kwa sauti ya chini kwamba mtoto amemwambia hana haja ya kuwako duniani, na kwamba yeye mama kila siku analala mlangoni kwa mtoto, ili asitoke bila yeye kujua. Aliyasema haya huku anaangalia mikono yake.

Daktari alitaka Atanasi aletwe upesi, na aje kila wiki. Mama akasema baba hatakubali. Kwa Baba Lusia, mtoto akionekana hospitali kwa ugonjwa wa namna hiyo, ukoo umeandikwa kitabuni kuwa wa wazimu. Akarudi zake kutayarisha mambo ya nyumbani. Siku ya tatu nikapandishwa lori la serikali lililokuwa likipeleka mbegu, nikaambiwa niwaone wazazi, na lori litanipitia saa nane mchana.

Nilifika ukungu bado haujaondoka. Nikakuta uwanja umefagiwa vizuri, watu wamekaa kwenye vigoda, wamevaa nguo za kanisani, mtungi wa ulanzi, pombe ya mianzi, uko katikati. Nikafurahi. Nikajisemea, tazama jinsi familia nzima ilivyokusanyika kunisubiri. Ukutani palikuwa na jembe jipya linang'aa. Nikalisogeza kidogo nipate pa kuegemeza mfuko wangu.

Mwanangu, hapo ndipo ningekuwa na macho ningeona. Maana hata kwetu milimani jambo hili lilijulikana. Posa huanza na jembe jipya. Mshenga huja nalo, huliegemeza ukutani kwa wenye binti, na maneno yakienda vizuri mtu wa nyumba ile huliinua akaliingiza ndani. Likiwa bado nje, maneno bado yanasemwa. Mshenga akiondoka nalo, hakuna tena la kusemwa. Na jambo moja ambalo mshenga hutumwa kulichunguza, kabla ya yote, ni maradhi ya ukoo: ukoma, kifafa, na hilo la saba katika karatasi yangu.

Niliamkia haraka haraka. Kamwene, kamwene, nikawapita kama napita sokoni. Mhehe akikuamkia anauliza habari za nyumbani, za mifugo, za mvua, anarudi tena za nyumbani. Mimi nilikuwa na lori la saa nane. Nikasimama, nikajitaja, nikamwuliza Baba Lusia swali la kwanza, la pili. Alikuwa akinijibu neno moja moja, macho yake yananiambia nenda, nami sioni. Mama Lusia alitoka jikoni akasimama na mwiko mkononi. Nikafika la saba. Nikalisema kwa sauti safi, kama nilivyosifiwa.

 Jogoo tu ndiye aliyeendelea na kazi zake.

Mzee mmoja aliyekaa karibu na mtungi akaweka kikombe chini. Ndiye alikuwa mshenga.

"Bwana dresa," akasema, "swali hilo nilitumwa mimi. Tangu alfajiri nalitafutia njia ya heshima nisiipate. Umenisaidia."

Akainuka. Akachukua jembe. Wenziwe wakamfuata mmoja mmoja, wakiaga kwa upole, na upole wao ulikuwa mbaya kuliko matusi. Lusia alikuwa mlangoni. Hakulia mbele yetu. Alifunga mlango tu. Baba Lusia akaniambia maneno machache sana: mtu wa hospitali asikanyage tena pale.

Mama Lusia alinifuata mpaka njiani. Nilidhani atanipiga na ule mwiko, na ningeukubali. Akasema, "Mwanangu, ulikuja kwa mgonjwa mmoja. Sasa ninao watatu, na mmoja ndiye baba yao." Kisha akanipa viazi vya kuchemsha vilivyofungwa kwenye jani, maana alijua sijala. Nilikula viazi vile kwenye lori nikilia kama mtoto, na dereva akajifanya haoni.

Kuuliza si ujinga, husema watu. Ni kweli. Lakini namna ya kuuliza yaweza kuwa ujinga mtupu.

Nilimweleza Bwana Shomari yote. Sikuficha hata lile la kusogeza jembe. Nilitegemea anitukane. Badala yake asubuhi yake akawaita wenzangu stoo ya mablanketi, akanikalisha kwenye kile kiti chake cha baba wa mgonjwa.

"Leo huyu ndiye baba," akasema. "Muulizeni. Na wewe, usijibu ya mchezo. Jibu ya kwenu."

Mwenzetu mmoja, mtu wa Njombe, akaanza. Kwetu ni wapi, tuko wangapi, nani mkubwa. Nikajibu kwa raha. Akafika la saba, akaliuliza kwa sauti ile ile yangu ya redio.

Nikahisi masikio yanawaka. Maana tulikuwa naye, mwanangu. Baba yangu mdogo. Nilipokuwa mtoto alikaa nyumba ya nyuma mvua mbili nzima, haongei, na sisi watoto tuliambiwa tukiulizwa tuseme amesafiri. Nilikuwa nimekuja Iringa, nimeandika barua za kurasa nne, nimecheka na kila mtu, na jina la baba mdogo sijawahi kulitamka. Nikasimama nikamwambia yule wa Njombe, "Kwetu kunakuhusu nini wewe?"

"Kaa," akasema Bwana Shomari. Hakucheka. "Sasa umelisikia swali. Mpaka leo ulikuwa unalisema tu."

Siri ya mtungi aijuaye ni kata. Mimi nilikwenda kuchota mtungi wa wenzangu, na wangu nimeufunika kwa jiwe.

Wale wengine wakatoka. Nikabaki nimekaa pale kwenye kiti, nikamweleza Bwana Shomari mambo ya baba mdogo, mara ya kwanza kumweleza mtu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanyoosha mkono akachukua ile karatasi ya maswali mfukoni mwangu, akaiweka juu ya rafu. "Hii daktari ataijaza kwa wakati wake. Wewe rudi Kilolo. Nenda ukakae."

"Baba Lusia amenikataza nisikanyage uwanjani."

"Basi usikanyage uwanjani. Yeye hatoki uwanjani?"

Nilikwenda Jumamosi, kwa miguu sehemu kubwa ya njia, sikutaka lori la kunikimbiza. Nikamkuta Baba Lusia kwenye mianzi yake, bondeni, anagema ulanzi. Hujapata kuona? Mwanzi mchanga hukatwa ncha, ukafungiwa mbeta, kile chombo cha mwanzi, maji yake yakadondoka humo. Asubuhi na jioni mgema hurudi akapunguza ncha kidogo kwa kisu kikali, kipande chembamba kama ganda la kitunguu. Nilisimama mbali nikaamkia. Kamwene. Akaitikia, kwa sababu Mhehe hata akikuchukia salamu hakunyimi. Safari hii nikauliza habari za nyumbani, za mvua, za mbuzi, za mianzi, nikarudi za nyumbani. Akajibu zote. Hakuniambia karibu, wala hakuniambia ondoka.

Nikamfuata mwanzi hadi mwanzi. Kwenye mwanzi wa tatu akanipa mbeta nishike. Wa tano nikanyoosha mkono nijaribu kisu, akanizuia.

"Wewe utakata sana," akasema. "Ukikata sana kwa siku moja, mwanzi unakauka. Ulanzi hautoki kwa nguvu."

Nikaona afadhali niseme. "Baba, siku ile nilikosa. Nililosema hadharani, hata kwetu lingetuumiza. Na kwetu yupo." Nikamweleza baba mdogo. Sikumwuliza yeye chochote. Nilipomaliza alikuwa amegema mianzi miwili zaidi bila kunitazama, nami nikadhani nimeharibu mara ya pili.

"Huyo baba yako mdogo," akasema mwishowe, "alipona?"

"Alipata nafuu. Siku nyingine mbaya zilirudi. Lakini analima, na ana watoto wawili."

"Ana watoto?"

"Wawili, baba. Mmoja mtundu sana."

Akakaa chini kwenye majani yenye maji, mzee mzima. Akaniambia kwamba tangu jembe liondoke, Atanasi amekataa hata uji. Amesikia yote siku ile, ukuta wa fito hauna siri. Anasema yeye ndiye aliyelifukuza jembe la dada yake, kwa hiyo yeye asipokuwako nyumba itatulia. Baba alisema hivyo, akageuka kutazama nyumba yake kule juu. Nikagundua, mwanangu, kwamba hata siku moja sikufikiri yule baba anaogopa. Nilidhani ana hasira tu.

"Niruhusu niongee naye," nikasema.

Alinitangulia yeye mwenyewe kuvuka uwanja. Mama Lusia aliponiona alishika mdomo. Nikakaa chini nje ya mlango wa Atanasi, mgongo ukutani, karibu kabisa na pale jembe lilipokuwa. Nikaomba wengine waende jikoni. Walipokwisha kwenda nikasema kwa mlango:

"Atanasi, mimi ndiye yule dresa mjinga."

Kitanda kikalia ndani.

"Jembe la dada yako nililifukuza mimi. Si wewe. Nilikuja na swali la watu wawili nikaliuliza mbele ya watu kumi. Baba yako anajua, mshenga anajua, sasa na wewe ujue. Mzigo huo ni wangu, usinibebee."

Nikangoja. Sikuwa hodari wa kungoja, lakini mianzi ilikuwa imenifundisha kidogo. Mbuzi wakapita. Kisha sauti ikatoka ndani, kavu, ya mtu asiyeongea siku nyingi: "Kwani hukuona kuna wageni?"

"Niliwaona. Nilifikiri wamekuja kunilaki mimi."

Mwanangu, sijui kama alicheka. Ilikuwa pumzi tu. Lakini mlango ulifunguka kiasi cha kiganja, nami nikaingia. Nikakaa naye. Baadaye, baada ya maneno ya shule na ya mbuzi, nikamwuliza wazi, sisi wawili tu, kama anafikiri kufa. Akasema ndiyo. Nikamwambia ahsante kwa kuniambia, na kwamba neno hilo asibaki nalo peke yake hata dakika moja, twende tumwambie mama na baba pamoja. Tukaenda. Hakuna aliyepiga kelele. Baba alimwekea mkono kichwani, basi. Kesho yake asubuhi walishuka Iringa wote watatu, na Baba Lusia ndiye aliyembebea mwanawe blanketi, njia nzima, mbele za watu.

Nisikudanganye kwamba alipona mara moja. Alikwenda hospitali, akarudi, akaenda tena. Kuna wiki alizolima nusu shamba na kuna wiki hakutoka. Tofauti ni kwamba sasa nyumba yote ilijua la kufanya, na hakuna tena aliyelala mlangoni peke yake, walipokezana. Kidole kimoja hakivunji chawa. Daktari alikuja kulijaza swali la saba katika karatasi yake, na aliyemjibu ni Baba Lusia, kwa hiari yake, mlango umefungwa.

Lakini jembe, mwanangu, jembe halikurudi. Nilikwenda kwa yule mshenga nikaomba radhi. Akanipokea vizuri, akanipa ulanzi, akaniambia wale watu wamekwisha kuposa kwingine. Neno likitoka halizoleki. Lusia hakunisemesha mwaka mzima na nusu, na alikuwa na haki.

Mvua za mwaka wa pili zikanyesha. Bwana Shomari akaniambia nimealikwa Kilolo. Nikaenda na hofu yangu. Nikakuta uwanja umefagiwa, watu kwenye vigoda, mtungi katikati. Ukutani jembe jipya. Safari hii nilipita mbali nalo kama vile ni nyoka, na watu wakaona wakacheka, Baba Lusia akiwa wa kwanza.

Mshenga alikuwa mwingine, mzee wa Kibena mwenye sauti nyembamba. Akaanza kuzungukazunguka, mara habari za mvua, mara za afya za watu kwa jumla. Wote tulijua anatafuta nini. Mimi nilitazama miguu yangu. Ndipo Lusia akatoka ndani, jambo ambalo binti hafanyi siku ya posa, akapiga magoti mbele ya mshenga.

"Baba, unalotaka kuuliza naomba nilijibu mimi," akasema. "Yupo. Ni mdogo wangu. Aliugua mawazo, akatibiwa, na bado siku nyingine zinamlemea. Ndiye aliyekupokea mfuko wako ulipoingia, ukamwambia ana adabu. Kama hilo linawatosha, kaeni. Kama haliwatoshi, jembe lenu lile pale."

Mzee wa Kibena alimtazama Atanasi kwa muda. Akanywa ulanzi wake mpaka mwisho, hana haraka. Kisha akasema, "Kijana, mbona unaacha jembe la watu linaloa umande?"

Atanasi akaenda ukutani, akaliinua, akaliingiza ndani.

Nilirudi Mbeya baadaye, nikafundisha vijana wa kazi hii miaka mingi. Karatasi za maswali nilizipenda hadi mwisho, usifikiri nazidharau. Lakini kila darasa langu jipya lilianza na kile kiti. Unakaa, unaulizwa swali la saba, nawe unajibu ya kwenu. Wapo waliokasirika, wapo waliotoka nje. Wengi walirudi.

Basi shika haya, mwanangu. Kabla hujauliza, tazama ni nani amekaa uwanjani na ni kitu gani kimeegemea ukutani. Salamu usizikate, maana ndani ya salamu ya tatu ndimo mzazi anapoamua kama atakuamini. Baba mkali mdhanie kwanza kuwa mwoga, mara nyingi hutakosea. Kata kidogo, rudi kesho. Lakini lile swali la kufa, kijana akionyesha dalili, usilizungushe wala usilingojee kesho. Muulize wazi, mkiwa peke yenu, kwa sauti ya ndugu, na akikujibu ndiyo usimwache peke yake mpaka amefika mikononi mwa watu wake na wa tiba. Mficha maradhi kifo humuumbua. Na ukikosa, kama mimi nilivyokosa, rudi kwa miguu ukaseme umekosa. Kujikwaa si kuanguka, bali ni kwenda mbele, kama utarudi kutazama ulichokwaa.

Mungu akupe masikio makubwa kuliko mdomo. Milango unayoikalia nje ifunguke, hata kama ni kiasi cha kiganja. Na kila nyumba utakayoingia, ukitoka, uache jembe lao likiwa ndani.